Nani Achague Kiwanja? Habari za Makazi ya Golbanti na Bonde la Tana

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Chimbuko lake liko katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Kutoka huko huzunguka mwendo wa kilometa zipatazo 1,000, ukapita nchi kavu isiyo na mvua ya kutosha, kisha ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kabla ya kufika baharini mto huu hupoteza haraka yake yote. Hutambaa, hujikunja, hujigawa katika vijito na maziwa madogo, na kila masika hutoka nje ya kingo zake ukatembea mashambani. Katika nchi hiyo tambarare, kusini ya Garsen, jirani ya Ngao na Tarasaa, ndipo kilipo kijiji cha Golbanti.

Msafiri apitaye barabara ya Malindi kwenda Lamu hana sababu ya kusimama hapo. Hapana minara wala magofu ya mawe kama ya Gedi. Walakini nchi hii ndogo imeulizwa, kwa muda wa zaidi ya miaka 100, swali moja ambalo mataifa makubwa yameshindwa kulijibu vizuri: mtu ajenge wapi nyumba yake, na nani mwenye haki ya kuamua? Limeulizwa na wamisionari, na watoza kodi, na wahandisi, na mabenki, na mahakama. Mara nyingi waliouliza hawakungoja jibu la wenyeji. Insha hii ni habari ya yaliyotokea.

Yafaa tuanze na wenyeji wenyewe, maana watu husema kana kwamba mipango ya makazi iliingia Tana pamoja na ramani za karatasi. Haikuwa hivyo. Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi, walijenga vijiji vyao juu ya kingo za mto. Mgeni ataona ni ajabu mtu anayeogopa maji kukaa kando ya maji. Lakini mto wenye matope hujijengea kingo zake mwenyewe. Maji yanapofurika, mchanga na udongo mzito hutua kwanza karibu na mto, na kwa hiyo ukingo huinuka kidogo kidogo kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Huko nyuma ndiko kwenye mabwawa. Basi shamba la ukoo lilikatwa kama utepe, likianzia mtoni na kuishia bwawani: migomba na miembe juu ya ukingo, mahindi kwenye mteremko, mpunga mahali maji yanapokawia kukauka. Mtu mwenye utepe huo alikuwa na chakula mwaka wa mvua na mwaka wa jua. Mipaka ya tepe hizo, na mahali pa kuhamia kijiji mto ulipobadili njia, vilikuwa shauri la wazee wa gasa, na nyumba za fito na nyasi hazikuwa hasara kubwa kuziacha. Twaziita nyumba duni kwa sababu hazidumu. Katika nchi ambayo mto wenyewe haudumu mahali pamoja, nyumba isiyodumu ilikuwa na akili yake.

Waorma, ambao watu wa pwani waliwaita Wagalla, jina wasilolipenda, ni wafugaji. Wao waliishi nyuma ya bonde, juu ya nyanda kavu, na wakati wa kiangazi waliteremsha ng'ombe wao mtoni kwa njia maalumu zinazofika mahali pa kunywesha, paitwapo malka. Nyumba yao ya mviringo, ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, hujengwa na wanawake, na mwenye nyumba ni mwanamke. Yeye huijenga, huibomoa, huipakia, na kuijenga tena penginepo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litatufaa mbele: katika nchi ambamo nusu ya wajenzi ni wanawake, mabaraza yaliyokuja baadaye kuzungumza habari za nyumba yaliwakuta wanawake wameketi nyuma, wakisikiliza.

Basi palikuwako mapatano, yasiyoandikwa lakini yenye nguvu. Maji yakipanda, nyanda ni za mwenye ng'ombe na ukingo ni wa mwenye jembe. Maji yakishuka, mkulima huvuna, kisha mfugaji huteremka kulisha mabua. Hawakupendana siku zote. Walipigana, wakapatana, wakalipana fidia, wakapigana tena. Lakini kila mmoja alijua mlango wa mwenziwe uko wapi.

Hofu kubwa ilitoka nje. Katika karne ya 19 mashambulio ya Wasomali na Wamaasai yalifika hata bondeni, na vijiji vya Wapokomo vilijificha katika msitu wa mto na kuzungushiwa maboma ya miti. Kwa hiyo kuchagua kiwanja kulikuwa kuchagua baina ya maadui wawili, maji na mkuki. Wamisionari Wamethodisti wa Uingereza, waliokwisha kujenga kituo Ribe mwaka 1862, walitaka kuwafikia Waoromo, na katika miaka ya 1880 wakafungua kituo Golbanti. Mwaka 1886 Wamaasai walikivamia kituo hicho. Mchungaji John Houghton na mkewe Annie waliuawa pamoja na watu wengine wa kituo, na wakazikwa huko. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misioni ya Neukirchen walianza kazi yao Ngao. Vituo hivi viwili vilikusanya nyumba mahali ambapo zamani palikuwa na kijiji kidogo au pori, vikaleta shule na dawa, na polepole vikawafundisha watu kukaa mahali pamoja. Mji hautokei siku zote kwa amri. Mara nyingine hutokea kwa sababu mtoto yuko darasani na mama hataki kwenda mbali.

Kuna kisa kingine cha wakati huo ambacho hakitajwi sana katika vitabu vya shule, nacho kina maana kubwa. Watawala wa Witu walichimbisha mfereji mwembamba, uitwao Belezoni, ili kuunganisha Tana na mto Ozi, mitumbwi ya nafaka ipite kwenda Kipini bila kuzunguka baharini. Lilikuwa shauri la watawala na wafanya biashara. Mto ukaupenda mfereji. Kila mafuriko yalikula udongo wa kingo zake, ukapanuka mwaka hata mwaka, mpaka Tana yenyewe ikahama na kupita humo, na mdomo wake wa zamani ukaachwa. Mfereji wa mitumbwi ukageuza ramani ya nchi nzima. Aliyekuwa na shamba la mpunga upande mmoja alikosa maji, na aliyekuwa upande wa pili aliyapata asipoyataka.

Serikali ya Kiingereza ilipokuja haikupanga nyumba za Tana, ilizihesabu tu. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika nchi hiyo tangu mwaka 1901, na nyumba ikawa kitu cha kuandikwa daftarini. Sitakaa sana hapo.

Mipango mikubwa ilianza baadaye, juu ya mto, mbali na Golbanti lakini katika maji yale yale. Mwaka 1953 ulianzishwa mradi wa kumwagilia maji Hola, kwa kazi ya watu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau. Ndiko walikouawa wafungwa 11 mwezi Machi 1959. Baada ya Uhuru mradi uliendelea kwa wakulima, mpaka mwaka 1989 mto ulipobadili njia yake na kuziacha pampu zimekauka. Mzee yeyote wa Tana angaliweza kueleza kwamba mto huhama. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza katika elimu yao ya kujenga.

Karibu na hapo ni Bura. Mradi wa Bura ulikubaliwa mwaka 1977 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Karatasi zilisema kwamba hekta 6,700 zitamwagiliwa maji na familia zaidi ya 5,000 zitaletwa kutoka pande zote za Kenya, zikae katika vijiji vilivyochorwa kwa mistari iliyonyoka. Gharama zilipanda kupita kiasi. Hekta zilizolimwa hazikuzidi sana 2,500. Na pampu zikaharibika. Vijiji vile vilichorwa kabla wakazi wake hawajajulikana ni nani. Mtu atasema, haikuwezekana kuwauliza watu ambao bado hawajafika. Ni kweli. Lakini walikuwako Waorma na Wapokomo ambao nchi hiyo ilikuwa malisho yao na njia yao ya kwenda mtoni, na wao walikuwa wamefika zamani sana.

Wakati huo huo mabwawa ya umeme yalikuwa yakijengwa juu milimani: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Taa ziliwaka Nairobi. Huku chini, mafuriko ya kawaida yalipungua, na maziwa madogo yaliyokuwa yakijazwa na mto kila mwaka yakaanza kukosa maji na samaki. Lakini mabwawa hayazuii mafuriko makubwa. Yakijaa, maji humwagika kwa wingi, na kijiji kilichozoea miaka mikavu kikasogea karibu zaidi na mto huona taabu isiyotazamiwa. Hivyo wakazi wa bonde walipoteza maji waliyoyataka wakabakiwa na yale waliyoyaogopa.

Delta yenyewe haikusahauliwa. Mamlaka ya kustawisha bonde la mito ya Tana na Athi, ambayo wengi huiita TARDA, iliundwa mwaka 1974, nayo ikaanzisha karibu na Garsen mradi wa mpunga kwa msaada wa Japani. Boma la udongo lilijengwa kuzuia mto. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zililibomoa, na kazi ikasimama. Kisha, mwaka 2008, ikaja habari ya mashamba makubwa ya miwa, na baada yake makampuni ya kigeni yaliyotaka ardhi ya kupanda mimea ya mafuta. Katika ramani za makampuni, Delta ilionekana kama nchi tupu. Waliokuwa ndani yake walijiona wageni kwao.

Kabla ya hapo jambo jingine lilikuwa limetokea, ambalo lapasa kutazamwa kwa makini na kila atakayepata siku moja kazi ya kupima viwanja. Mwaka 2000 serikali ilianza kupima na kuandikisha ardhi ya kando ya mto, ili kila mkulima apate hati yake. Nia ilikuwa njema. Lakini utepe wa mkulima ukipimwa kutoka mtoni hadi nyuma, na utepe wa jirani yake kadhalika, na wa jirani wa jirani, mto wote hufungwa kama kwa ua, na malka haiko tena. Wafugaji waliona kwamba kalamu itawanyima maji. Vita vikazuka mwaka 2001, na watu wengi wakafa. Yule aliyechora mistari alifikiri anagawa ardhi. Kumbe alikuwa anagawa maji, na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuwauliza wote wawili kwa pamoja.

Mambo hayo hayakupoa. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa katika asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kilifuata kisasi katika vijiji vya Delta hata Januari 2013, na idadi ya waliokufa ikapita 100. Nyumba zilichomwa moto pande zote mbili. Nataka msomaji akumbuke hilo anapokutana na maneno makavu kama haya, mpango wa makazi, ushirikishwaji wa wananchi. Huko Tana maneno hayo hayakutoka katika vitabu vya wataalamu tu. Yalitoka katika majivu.

Wakazi wengine walichagua njia ya mahakama. Walidai kwamba ardhi na maji ya Delta vilikuwa vikigawiwa bila mpango wala ushauri wao, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwapa silaha mpya, kwa maana katika kifungu cha 10 inataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi ya utawala. Tarehe 4 Februari 2013, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamuru vyombo vya serikali vitengeneze mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta, ya muda mfupi, wa kati na mrefu, na kuwashirikisha wakazi katika kazi hiyo. Mwaka mmoja kabla, 2012, Delta ilikuwa imeandikishwa katika Mapatano ya Ramsar, yanayohifadhi ardhi oevu duniani, kwa eneo la hekta 163,600. Sasa nchi iliyoonekana tupu ilikuwa na jina mbele ya mataifa na haki mbele ya mahakama.

Mpango wa matumizi ya ardhi uliofuata ulichukua miaka kadhaa. Vijiji 106 vilihusishwa, na kamati za vijiji zikaundwa za kutazama ardhi na mali ya asili. Si mpango wa nyumba. Ni mpango wa mahali pa kulima, mahali pa kulisha, njia za ng'ombe, na mahali pa kuachia ndege na samaki. Lakini kwa maoni yangu ndio mwanzo hasa wa makazi bora huko. Ukijua njia ya ng'ombe iko wapi, utajua wapi usijenge nyumba. Na ukikosa kujua, nyumba yako nzuri ya matofali itakuwa sababu ya ugomvi kila kiangazi.

Mto, nao, haukungoja mpango ukamilike. Mafuriko ya mwaka 2018 yaliwatoa makwao maelfu ya watu wa Tana River. Ndipo serikali ya kaunti ilipotoa shauri la kukusanya vijiji vidogo vya bondeni katika makundi, vihamishiwe juu ambako maji hayafiki, na humo iwe rahisi kuweka shule, zahanati, maji ya bomba na umeme. Mvua za El Nino za mwisho wa mwaka 2023, na masika ya 2024, zililitia shauri hilo uzito. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza hushangaa: kwa nini mtu ang'ang'anie mahali panapofurika? Hupewa kiwanja juu, naye hurudi chini!

Watu wa Rufiji, Tanzania, wangeweza kumjibu. Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika vibaya, na serikali ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa juu ya nyanda. Shule na zahanati zilipatikana kweli. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, na mkulima akawa na mwendo mrefu kila siku. Mpunga ukianza kuzaa, ndege na nguruwe hawangoji mtu atoke nyumbani asubuhi. Basi watu wakarudi kukaa mashambani kwa miezi, katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, na nyumba za kijijini zikawa za wazee na watoto wa shule. Miaka michache baadaye, tangu 1973 hadi 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu nchini Tanzania, mara nyingine kwa nguvu, na kasoro hiyo hiyo ikaonekana pengi: kijiji kilichaguliwa kwa sababu kiko kando ya barabara, si kwa sababu kiko karibu na udongo mzuri.

Wala kasoro hii si ya Afrika Mashariki tu, wala si ya wajenzi wabaya tu. Hassan Fathy, msanifu majengo mashuhuri wa Misri, alianza mwaka 1946 kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kwa ajili ya watu waliokuwa wakikaa juu ya makaburi ya kale. Alijenga kwa matofali ya udongo, kwa kuba na ua wa ndani, nyumba zenye baridi wakati wa joto, zisizohitaji saruji nyingi wala mbao za kuagizwa kutoka ng'ambo. Leo ulimwengu wote unazisifu kuwa mfano wa ujenzi usioharibu mazingira. Fathy alijitahidi hata kuzungumza na familia moja moja. Lakini swali la kwanza, kama wanataka kuhama au hawataki, lilikuwa limekwisha kuamuliwa na serikali kabla hajafika. Wengi wa watu wa Gourna, ambao riziki yao ilikuwa pale pale makaburini, walikataa kuhamia, na sehemu kubwa ya kijiji haikujengwa. Hapo twaona kwamba mtu aweza kuulizwa rangi ya mlango asiulizwe kama anataka nyumba.

Tukirudi Golbanti, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa ardhi ya juu si ya bure. Nyanda ambazo maji hayafiki ndizo nyanda za malisho. Kumhamisha mkulima kutoka ukingoni ni kumweka katika ua wa mfugaji. Kama mkulima peke yake ameulizwa akakubali, nusu ya jibu haijapatikana. Lazima waulizwe wote wawili, tena katika baraza moja, na waulizwe katika kiangazi na katika masika, maana mtu wa Tana ana majibu mawili kwa majira mawili, na yote mawili ni ya kweli. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii kuandikisha ardhi yao kwa pamoja. Walakini hati ya jamii moja ikifunga njia ya jamii nyingine, tutakuwa tumerudi mwaka 2000 kwa kalamu mpya.

Na mara watu wanapoulizwa kwa subira, maswali yao huwa ya maana kuliko yale ya wataalamu. Ardhi ya chini itabaki ya nani baada ya mwenyewe kuhama juu, yake au ya serikali? Miembe iliyopandwa na babu itahesabiwaje? Nani atalinda makaburi? Je, mtu ataruhusiwa kuwa na nyumba mbili, ya juu kwa shule na ya chini kwa mavuno, kama baba zake walivyokuwa na kibanda shambani? Udongo mweusi wa sehemu hizo hupasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, msingi utawekwaje? Vyoo vitachimbwa wapi hata maji yakifika visimwagike visimani na kuleta kipindupindu? Paa la bati hukusanya maji safi ya mvua lakini huoka watu mchana. Paa la makuti ni baridi lakini halikingi maji ya kunywa, nalo huogopa moto, na watu walioona nyumba zikichomwa mwaka 2012 hawalisemi neno hilo kwa mzaha. Mwanamke wa Kiorma atauliza pia: nyumba ya matofali itaandikwa kwa jina la nani? Ile ya mikeka ilikuwa yake.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mwanamke wa Kimarekani, aliandika habari za ngazi yenye vidato 8 vya kuwashirikisha wananchi. Kidato cha chini kabisa ni kulaghaiwa: watu huitwa, hukaa, majina huandikwa, basi. Katikati ni kuarifiwa na kushauriwa. Juu kabisa wananchi wana mamlaka yao wenyewe. Wote tuliopata kuhudhuria baraza twaijua ngazi hiyo bila kuisoma. Tunajua lile baraza ambalo ramani imekwisha pigwa chapa kabla ya mkutano, na wageni wanatazama saa kwa sababu ya ndege ya jioni. Husemwa Kiswahili cha ofisini kwa wazee wanaofikiri Kipokomo au Kiorma. Mwishowe huulizwa, "Mmekubali?" na watu hupiga makofi, kwa adabu, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Makofi hayo huandikwa kuwa idhini. Baadaye nyumba zikibaki tupu, husemwa kwamba wananchi hawapendi maendeleo.

Njia iliyo bora inajulikana, nayo haina muujiza. Ina kazi nyingi tu. Ni kutembea pamoja na wazee na vijana juu ya ardhi yenyewe, kuchora mchangani alama ambapo maji yalifika mwaka 1961, na 1997, na 2018, na 2023, kisha kupeleka michoro hiyo kwa wapimaji. Ni kukaa na wanawake peke yao kwanza, ndipo baraza la wote. Ni kujenga nyumba chache, watu wakae humo masika moja na kiangazi kimoja, waseme kilichowasumbua, kabla ya kujenga 100 zilizofanana. Hayo huchukua miaka, na fedha za wafadhili zina mwisho wa mwaka. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika, si kwa ubaya wa watu bali kwa kalenda.

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka mpango wowote wa namna hii utangazwe, na mwananchi apewe muda wa kuusoma na kuleta pingamizi. Ofisi kuu za kaunti ziko Hola. Anayetaka kuuona mpango huko akitoka Golbanti ana safari ya zaidi ya kilometa 100, na katika majira ya mafuriko, wakati ambapo swali la nyumba ni kali kuliko wakati wote, barabara hukatika, naye hungoja ng'ambo ya maji mpaka yashuke.